Ukoga

Bwana Hyvärinen aliniuzia mashua kwa maneno matatu:
"Imetunzwa. Haina shida."
Nikamtazama meno.

Miaka thelathini na moja nimeinamia vinywa vya watu wa Turku,
nikikwangua ukoga kwa ndoana ya chuma,
na wote, karani hadi kasisi,
waliniapia kwamba hupiga mswaki asubuhi na jioni.
Ufizi ulitoa ushahidi wake kwa damu.

Sasa ni Oktoba, uwanja wa mashua wa Kustavi.
Nyasi zimeshika jalidi. Mashua iko juu ya trela,
na mguu wa injini, wa kijivu, mzito, propela kwenye kisigino,
unaning'inia nyuma yake usawa wa kifua changu
kama mgonjwa aliyekwisha kufungua kinywa.

Hebu tuone.

Vijumba vya chokaa, vigumu, vyenye makali,
vimejipanga hadi ndani ya matundu ya kunyonyea maji.
Voitto wa mashua ya jirani anakuja na tindo.
"Piga tu, dada, vitaruka."
Namwambia tindo ni ya ukuta.
Hii ni aluminiamu: ukiikwaruza, haisahau.
Natumia mwiko wa mbao, siki, na muda,
na kwa matundu madogo natoa mfukoni ndoana yangu,
niliyoondoka nayo siku ya kustaafu,
kitu pekee nilichowahi kuiiba serikali.

Kipande cha zinki kimebaki kama sabuni ya bafu la wageni.
Kazi yake ni kuliwa:
chumvi ikija na njaa yake, ianzie kwake,
mguu upone.
Mama yangu alikuwa hivyo mezani.
Sikai sana hapo. Nafunga kipya, spana namba kumi.

Mfuko wa mpira una mikunjo kama shingo ya kobe.
Nakunjua mkunjo mmoja mmoja, kidole kikitafuta ufa.
Hakuna.
Hapa mzee alisema kweli.

Kisha navua propela.
Nyuma yake, mshipi wa kuvulia samaki, wa kijani,
umeizunguka shafti mara zisizohesabika,
umejikaza hadi ukayeyuka, ukaitafuna sili.
Hautoki kwa kuvutwa. Unakata, unazungusha, unakata,
kama nyuzi za mshono uliochelewa kufumuliwa.

Nafungua skrubu ya chini.
Mafuta ya gia hayatoki meusi, wala ya dhahabu.
Yanatoka meupe, mazito, tui tupu:
maji yaliingia, mafuta yakakubali kuishi nayo.
Ningengoja mwezi mmoja tu,
barafu ingeupasua mguu usiku, bila mlio,
nami ningeligundua hilo Mei, katikati ya maji.

Nampigia simu, maneno yamepangwa mdomoni kama vyombo vya kazi.
Anapokea mkewe.
Anasema mzee amelala; tangu Agosti analala sana,
hata meno yake hataki tena kuyavaa.
Simu inanilemea mkononi.
Nasema nilitaka tu kushukuru
kwa mfuko wa mpira.

Sili mpya, mbili, midomo yake imepakwa grisi.
Voitto anarudi na kahawa, anashangaa:
"Mbona unajaza kwa tundu la chini?"
Hewa, namwambia. Ukimimina kwa juu inabaki humo,
inakudanganya kwamba umejaa.
Napampu polepole, jioni inaingia saa kumi,
mpaka tundu la juu linatapika dhahabu isiyo na povu.
Naziba juu kwanza. Kisha chini, haraka.
Matone sita yanaangukia kiatu. Vidole vinanuka kiberiti.

Propela. Nati. Pini.
Nafuta mguu wote kwa kitambaa, juu hadi kisigino,
na kabla sijajizuia,
Voitto akiwa amesimama pale na kikombe chake,
naupiga kofi dogo na kuuambia:
haya, sukutua.